Kuyeyusha sufaktanti kwenye maji magumu: mwongozo kamili kwa kazi za mafuta na gesi kanda ya kati

Karatasi ya maelezo inayokuja na pipa la sufaktanti (kemikali ya jamii ya sabuni, inayolegeza mvutano kati ya maji na mafuta) mara nyingi husema kwamba dawa hiyo "inayeyuka kabisa kwenye maji". Maji yanayosemwa hapo ni ya maabara ya mtengenezaji, yaliyoondolewa madini yote. Ichukue dawa hiyohiyo uichanganye na maji ya kisima kirefu cha Dodoma, Bahi au Manyoni. Huenda ukapata kitu cheupe kama tui, na kesho yake ukakuta mashapo yametuama chini ya ndoo. Mashapo hayo ni dawa uliyoilipia. Haitafanya tena kazi uliyoinunulia, na ikiingia kwenye mfumo itaziba vichujio, pampu na vinyweleo vya mwamba.

Mwongozo huu ni wa fundi wa maabara, mwanafunzi wa uhandisi wa petroli, na mtoa huduma anayechanganya povu la kuchorongea, dawa ya kusafishia matangi au sufaktanti ya kusukuma mafuta yaliyonasa mwambani. Kazi hizi haziko mbali nasi tena. Utafutaji wa mafuta katika bonde la Eyasi–Wembere unaigusa Singida, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limepangwa kupita Singida, Manyara na Dodoma. Maji ya kufanyia kazi katika ukanda huu ni ya visima, kwa sababu mito yetu mingi ni ya msimu. Hata jiji la Dodoma kwa miaka mingi limetegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora.

Nashikilia utaratibu mmoja: yajue maji kwanza, kisha badilisha sufaktanti, na kulainisha maji kuje mwisho. Wengi huanzia mwisho, au huongeza dozi wakitumaini itayeyuka. Njia zote mbili hula fedha nyingi.

Kinachoiangusha sufaktanti

Ugumu wa maji unatokana hasa na ayoni za kalsiamu na magnesiamu. Sufaktanti zenye chaji hasi, ambazo ndizo zinazotumika zaidi, zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ayoni moja ya kalsiamu ina chaji mbili chanya, kwa hiyo inashika vichwa viwili kwa mpigo. Vichwa vikishafungwa hivyo, kinachobaki ni chumvi ya kalsiamu isiyotaka maji, nayo inajitenga.

Fanya hesabu ndogo uone uzito wa jambo hili. Salfoniti ya kawaida ya alkilibenzini, ile inayopatikana ukiiondolea salfoniki (asidi nzito ya kutengenezea sabuni za maji) ukali wake kwa kostiki soda, ina uzito wa molekuli wa takriban 348. Gramu 1 kwa lita ni milimoli 2.9. Maji yenye milimoli 2.7 za kalsiamu kwa lita yana uwezo wa kufunga milimoli 5.4 za sufaktanti. Kwa hiyo kalsiamu iliyomo inatosha kuifunga dawa yote na bado ikabaki. Si lazima yote ianguke, lakini umeshaona kwamba maji yameizidi dawa nguvu.

Jambo la pili ni joto. Kila sufaktanti yenye chaji ina joto la Krafft, ambalo chini yake haitengenezi misela (vikundi vidogo vya molekuli za sufaktanti zilizojikusanya majini) na haiyeyuki vya kutosha. Kalsiamu hulipandisha joto hilo sana: sodiamu dodesili salfeti ina joto la Krafft la nyuzi 16 hivi za Selsiasi, ilhali chumvi ya kalsiamu ya dodesili salfeti hufika karibu nyuzi 50. Kwetu hili lina maana ya pekee. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Myeyusho ulioonekana angavu saa nane mchana unaweza kukutwa na ukungu saa kumi na mbili asubuhi, bila mtu kuugusa.

Hatua ya 1: Chukua sampuli na upime ugumu

Chukua maji kwenye kisima chenyewe, siyo kwenye tangi la juu ambako sehemu ya chokaa imeshatuama. Acha pampu ifanye kazi kwanza hadi maji yaliyolala bombani yaishe. Jaza chupa ya plastiki mpaka mdomoni, funga bila kuacha hewa, kisha pima siku hiyohiyo. Ukiacha nafasi, gesi ya kaboni hutoka, kalsiamu kaboneti hujishikiza kwenye chupa, na jibu lako litakuwa dogo kuliko ukweli.

Kwa ugumu wote, weka mililita 50 za sampuli kwenye flaski, ongeza bafa ya amonia ya pH 10 na kiashiria cha Eriochrome Black T, kisha dondosha EDTA (kemikali inayoshika ayoni za kalsiamu na magnesiamu) ya moli 0.01 kwa lita kutoka kwenye bureti. Rangi hutoka wekundu wa mvinyo hadi buluu safi. Zidisha mililita ulizotumia kwa 20, upate miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita. Kisha rudia kwa sampuli nyingine iliyopandishwa hadi pH 12 au 13 kwa kostiki soda, ukitumia kiashiria cha murexide. Hapo magnesiamu imeshajitenga kama haidroksaidi, na unachopima ni kalsiamu peke yake.

Tuseme kipimo cha kwanza kimetumia mililita 21.0 na cha pili mililita 13.5. Ugumu wote ni 420. Wa kalsiamu ni 270, na wa magnesiamu ni 150 zinazobaki. Gawa 270 kwa 2.5 upate kalsiamu yenyewe, miligramu 108 kwa lita. Gawa 150 kwa 4.12 upate magnesiamu, miligramu 36 hivi. Maji yanayozidi 180 kwa kawaida huhesabiwa kuwa magumu sana, kwa hiyo haya yamevuka mpaka kwa mbali.

Pima pia pH, kloridi (klorini iliyo ndani ya chumvi), alkalini (uwezo wa maji kumeza asidi, unaotokana hasa na bikaboneti) na chuma. Alkalini usiiache kabisa. Ndiyo itakayokuambia kama ukipandisha pH utajitengenezea chokaa kwa mikono yako. Na usitumie jibu la kisima kimoja kwa kisima cha jirani. Katika miamba yetu ya graniti yenye mipasuko, visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutoa maji tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Jaribio la bika

Tengeneza myeyusho mama wa sufaktanti wenye nguvu ya asilimia 10 kwa maji yaliyotoneshwa. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi na kuchujwa yanafaa kwa majaribio ya awali. Ukinunua maji ya betri dukani, hakikisha ni yale yaliyotoneshwa, siyo yale yenye asidi.

Sasa uzimue kwa maji halisi ya kisima hadi nguvu tano: asilimia 0.05, 0.1, 0.3, 1 na 2. Usipime nguvu moja tu. Sufaktanti ikiwa nyingi, misela zake huzivuta ayoni za kalsiamu na kuziweka karibu nazo, na myeyusho huonekana angavu. Ukiuzimua, misela hupungua, kalsiamu inabaki huru, na mashapo yanatokea. Ndiyo maana watu hufurahia dawa nzito iliyo angavu kwenye pipa, kisha wakashangaa inapogeuka nyeupe kwenye tangi la kazi.

Weka kila bika katika joto tatu: la chini kabisa ambalo ghala litafika, la kawaida la mchana, na la mahali dawa inapokwenda. Kama ni kisima cha mafuta, joto la chini ya ardhi huenda likawa nyuzi 60, 80 au zaidi. Angalia baada ya saa moja, baada ya saa 24, na baada ya wiki. Shika bika mbele ya karatasi iliyochapishwa. Kama herufi zinasomeka vizuri kupitia myeyusho, andika "angavu". Kama zimefifia, andika "ukungu". Kama kuna chembe, andika "mashapo". Maneno haya matatu yanatosha kwa kuanzia.

Hatua ya 3: Jua ukungu huo ni wa nini

Hapa ndipo muda mwingi huokolewa au hupotea, kwa sababu ukungu una vyanzo vingi na kila kimoja kina tiba yake. Gawanya myeyusho wenye ukungu kwenye mirija minne.

Mrija wa kwanza upashe joto taratibu. Ukungu ukiondoka nyuzi 30 au 40 na kurudi ukipoa, tatizo ni joto la Krafft. Ukiwa angavu kwanza kisha ukaingia ukungu kadiri joto linavyopanda, hiyo ni tabia ya sufaktanti isiyo na chaji kufika nukta yake ya ukungu, na chumvi iliyomo huishusha nukta hiyo zaidi.

Mrija wa pili udondoshee asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Vikitoka vipovu vya gesi na ukungu ukaisha, hukuwa na shida ya sufaktanti. Hiyo ni kalsiamu kaboneti iliyotokana na pH kubwa. Chumvi ya kalsiamu ya salfoniti haitikisiki kwa asidi. Ikiwa dawa yako ni ya aina ya sabuni ya mafuta, asidi itatoa matone ya mafuta yanayoelea juu.

Mrija wa tatu uongezee EDTA ya sodiamu kidogo kidogo. Ukisafika haraka ilhali asidi haikusaidia, chumvi ya kalsiamu ya sufaktanti ndiyo mhusika. Mrija wa nne uongezee matone ya isopropanoli. Ukisafika kwa pombe hiyo peke yake, huenda ni vijelijeli tu vya sufaktanti ambayo haikutawanyika, na tatizo ni namna ulivyochanganya. Rangi ya kahawia inayotuama polepole mara nyingi ni chuma, nacho kiondolewe kwa kupitisha hewa kwenye maji na kuchuja kabla ya kuendelea.

Hatua ya 4: Badilisha sufaktanti, au ipe mwenzake

Ikiwa kalsiamu ndiyo mhusika, tafuta molekuli inayoivumilia. Salfoniti ya alkilibenzini na salfoniti za petroli ni dhaifu mbele ya ugumu. Sabuni ya kawaida ni dhaifu zaidi. Salfoniti za alfa-olefini zinastahimili vizuri zaidi. Salfeti zenye vipande vya ethoksi, kama ute ule mzito ambao mafundi wa sabuni za maji wanauita ungarol, huvumilia sana, kwa sababu vipande hivyo vya oksijeni hushikamana na maji hata kichwa kikiwa kimekaribiwa na kalsiamu. Kaboksileti zenye vipande vya ethoksi nazo ni imara.

Lakini salfeti zina udhaifu wake: kwenye joto la kudumu la zaidi ya nyuzi 60 hivi, hasa maji yakiwa na asidi kidogo, huvunjika. Kwa povu la kuchorongea au kusafisha tangi, hilo halina neno. Kwa mwamba wenye joto ambako dawa itakaa miezi, chagua salfoniti au kaboksileti.

Njia nafuu zaidi, na ndiyo ningeijaribu kwanza kwa mtu ambaye ana shehena ya salfoniti ghalani, ni kuichanganya na sufaktanti isiyo na chaji au ya betaini (yenye chaji chanya na hasi kwa pamoja). Molekuli hizi huingia katikati ya zile zenye chaji hasi ndani ya misela. Kiasi cha salfoniti kinachoelea huru majini kinapungua, na kalsiamu inakosa ya kutosha kuunda mashapo. Anza na sehemu 4 za salfoniti kwa sehemu 1 ya mwenzake, kisha 3 kwa 1, kisha 1 kwa 1, ukirudia majaribio ya hatua ya 2. Ukitumia isiyo na chaji, pima nukta yake ya ukungu ndani ya maji yaleyale ya kisima; iwe juu ya joto la kazi kwa nyuzi 10 au zaidi. Vipande vya ethoksi vikiongezeka, nukta hiyo hupanda.

Hatua ya 5: Visaidizi vya kuyeyusha

Pombe fupi kama isopropanoli au isobutanoli, asilimia 1 hadi 3 ya myeyusho wa kazi, hulegeza vijelijeli na kuharakisha mafuta na maji kutulia. Kwa dawa nzito ya kwenye pipa, salfoniti ya zailini ya sodiamu, au salfoniti ya kumini, huzuia isigawanyike usiku wa baridi. Pombe zisizidi. Kila asilimia unayoongeza inapunguza uwezo wa sufaktanti kushusha mvutano kati ya mafuta na maji, na isopropanoli inashika moto kwa urahisi kwenye ghala la bati lenye joto la Oktoba.

Hatua ya 6: Kushughulikia maji yenyewe

Ukifika hapa na bado kuna mashapo, sasa gusa maji. EDTA hushika kalsiamu moja kwa moja, molekuli kwa molekuli, na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye pH ya juu. Kwa mfano wetu wa ugumu 420, yaani milimoli 4.2 kwa lita, utahitaji takriban gramu 1.6 za EDTA ya sodiamu nne kwa kila lita. Kwa tangi la lita 10,000 ni kilo 16. Kwa bika ni dawa nzuri mno. Kwa tangi la kila siku piga hesabu kabla ya kuagiza.

Soda ashi (sodiamu kaboneti) ni rahisi zaidi. Kila miligramu 1 ya ugumu wa kalsiamu inahitaji miligramu 1.06, kwa hiyo ugumu 270 kwenye lita 10,000 unadai kilo 2.9 hivi, pamoja na ziada kidogo. Chokaa itajitenga, iache ituame usiku kucha, chota maji ya juu na uyachuje kabla sufaktanti haijaingia. Magnesiamu haiondoki kwa soda ashi peke yake. Inahitaji pH ipandishwe hadi karibu 11 kwa chokaa iliyozimwa au kostiki soda, kisha ishushwe tena.

Kwa mtambo wa kudumu, safu ya resini inayobadilisha kalsiamu kwa sodiamu ndiyo njia safi zaidi. Resini husafishwa kwa maji ya chumvi, na maji hayo machafu yapangiwe mahali pa kwenda tangu siku ya kwanza. Kuchemsha huondoa ugumu wa bikaboneti tu, na kwa tangi kubwa ni kupoteza kuni na gesi.

Hatua ya 7: Mpangilio wa kuchanganya

Salfoniki ya asidi iondolee kwanza ukali wake kwa kostiki soda kwenye maji laini. Kilo 1 ya asidi yenye nguvu ya asilimia 96 inakula gramu 120 hivi za kostiki soda kavu. Yeyusha kostiki kwenye maji na uache ipoe, kisha ingiza asidi polepole ukikoroga, ukiwa umevaa glavu na miwani, mpaka pH ifike 7 hadi 8. Ukifanya hivyo moja kwa moja kwenye maji magumu, unatengeneza mashapo na chokaa kwa pamoja.

Baada ya hapo: maji ya kisima yaliyo na uvuguvugu, kisha kishika-kalsiamu (kama EDTA) ikiwa unakitumia, kisha mchanganyiko wa sufaktanti na pombe uliokwishaandaliwa pembeni, ukimiminwa kidogo kidogo karibu na panga la kukorogea. Chumvi nyingine yoyote iingie mwisho. Ungarol wa asilimia 70 una tabia ya kugeuka jeli ngumu unapozimuliwa hadi kati ya asilimia 60 na 30, kwa hiyo upitishe eneo hilo haraka kwa maji ya kutosha, usiupe maji vijiko vijiko. Koroga taratibu ili usijaze povu.

Hatua ya 8: Angavu haitoshi

Sufaktanti inayopenda maji kupita kiasi hubaki majini na kuyaacha mafuta. Ukiongeza vipande vya ethoksi na pombe mpaka myeyusho ung'ae kama kioo katika kila hali, huenda umeua kazi uliyoitaka. Lengo ni myeyusho unaobaki angavu hadi kwenye ugumu unaozidi ule wa maji yako kidogo tu.

Kwa kazi ya kusukuma mafuta, weka mililita 5 za myeyusho na mililita 5 za mafuta ghafi halisi kwenye mirija yenye vipimo, kila mrija ukiwa na chumvi zaidi ya uliotangulia. Tikisa, funga, weka kwenye joto la mwamba kwa siku kadhaa. Chumvi ikiwa ndogo, mafuta yatayeyukia kwenye maji ya chini. Ikizidi, sufaktanti itahamia kwenye mafuta. Katikati kuna tabaka la tatu, na hapo ndipo mvutano ni mdogo kuliko kote. Soma ni mililita ngapi za mafuta zimemezwa kwa kila mililita ya sufaktanti katika tabaka hilo. Kwa uhusiano aliouonyesha Chun Huh mwaka 1979, gawa 0.3 kwa mraba wa namba hiyo: ikiwa ni 10, mvutano ni takriban milinewtoni 0.003 kwa mita, kiwango kinachoweza kung'oa mafuta yaliyonasa. Ikiwa ni 3, ni 0.03, na bado una kazi. Kumbuka kalsiamu husogeza tabaka hilo la katikati kwa nguvu kuliko sodiamu, kwa hiyo jaribio la chumvi ya mezani peke yake litakudanganya.

Kwa povu la kuchorongea huhitaji yote hayo. Piga povu kwenye silinda ya lita 1 kwa maji halisi pamoja na vumbi la mwamba kidogo, kisha pima muda hadi nusu ya maji yake ishuke chini.

Hatua ya 9: Kumbukumbu, ghala na maji machafu

Kila mchanganyiko uwe na tarehe, kisima, ugumu, namba ya shehena na joto la siku hiyo. Weka chupa ya sampuli kivulini na nyingine nje usiku. Pima upya maji mwanzo na mwisho wa kiangazi, kwa kuwa kisima kinachovutwa miezi mingi kinaweza kubadilika. Anayeingiza, kuhifadhi au kuuza kemikali hizi anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003.

Maji ya kusuuzia matangi, hasa yenye EDTA, yasimwagwe kwenye korongo wala karibu na kisima. EDTA haiozi kwa urahisi na hubeba metali hadi yalipo maji ya ardhini, nayo ndiyo watu wa huku wanayokunywa. Yakusanye kwenye bwawa lenye turubai zito chini, yaache jua la Dodoma lipunguze maji, kisha tope lililobaki likabidhiwe kwa wenye kibali cha taka hatarishi.